Mgomba Tuliouzika

Jioni ile nilirudi ndani ya hifadhi kufuata funguo tu. Nilizisahau mwisho wa daraja la mbao, pale ninapowaonyesha wageni kutoka Bukoba jinsi mafunjo yanavyochuja maji. Huwa nawaambia pia kwamba chini ya matope yale hakuna hewa, kitu hakiozi upesi. Wanapiga picha, wanaondoka.

Siwaambii kwamba mume wangu yumo humo.

Byabato aliingia kukata mafunjo, hakutoka. Tulimtafuta hadi tukachoka. Ndipo ukoo ukakata mgomba, ukauvika sanda, tukauzika kibanjani kwetu Muleba, kwenye migomba ya nyumbani, kwa jina lake. Mama mkwe, Immakulata, akanionya: "Mwanangu, usimwite tena kule kinamasini. Akiitika, atadai mahali pake." Nikasema sawa. Tangu msiba sikulia wala sikucheka. Nilikuwa nipo nipo tu.

Funguo nikaziona. Nikainama…

Vyura wakanyamaza. Wote.

Harufu ya matope ikapanda. Kwenye mafunjo alisimama mtu, kanipa mgongo. Shati la bluu. Kiraka cha begani nilikishona mwenyewe.

Jina likanitoka.

"Byabato?"

"Naam," ikaitika mbele yangu.

"Naam," ikaitika nyuma yangu.

Sauti ileile. Nikajiambia ni mwangwi. Mawe! Mwangwi gani kwenye mafunjo, yanayomeza hata honi ya basi?

Wa mbele hakugeuka. Akanong'ona, "Agnetha… nani kalala mahali pangu?"

"Mgomba."

"Utoeni."

Nyuma sikutazama hadi nilipogeuka kuondoka. Hapakuwa na mtu. Sikukimbia hata. Nilifunga geti, nikaenda nyumbani kama mtu anayetoka dukani.

Asubuhi mgomba ulikuwa mlangoni ndani ya sanda yake, mbichi, kama umekatwa jana. Kaburi lilikuwa limefukiwa vizuri, juu yake matope meusi ya kinamasi. Mama mkwe akapiga magoti akashukuru, mwanawe kalala kwao. Hakuna aliyethubutu kufukua. Nami nikalia, mara ya kwanza tangu msiba. Nilimtaka arudi, na amerudi.

Jioni nikaenda kufunga geti la hifadhi. Nikamuaga kwa sauti ndogo, moyo mwepesi kidogo.

"Lala salama, Byabato."

Vyura wakanyamaza.

"Naam," ikaitika kwenye mafunjo.

Sasa pale kibanjani kalala nani?