Silinda ya Tatu

—Usinunue hiyo gari, Micha. Silinda ya tatu imekufa.

Ronny alisema hayo akiangalia chapati yake badala ya macho ya mpenzi wake. Na mwanaume akianza kuongea na chapati, jua kuna jambo.

Nakhumicha akaweka kijiko chini.

—Imekufa kabisa?

—Kabisa. Utaiendesha mwezi mmoja, halafu ikuzimikie katikati ya barabara malori yakipita.

—Aki Ronny! Na vile inanguruma vizuri.

—Hata mgonjwa hucheka.

Nakhumicha alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha juisi huko Ruiru, na chumba chake kilikuwa Kiganjo, Thika. Zamu yake ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Miaka minne alikuwa ameitamani gari ya aina hiyo: milango miwili, pua chini, gia za mkono, ikipita watu wanageuza shingo. Wenzake kazini walimshauri anunue kagari ka adabu, ka kubebea vitunguu. "Kwani mimi nauza vitunguu?" aliwajibu. Hakuitaka ya Jumapili tu. Aliitaka ya kila siku, mvua na jua, nenda kazini rudi nyumbani. Alipoipata moja ya buluu ikiuzwa na Mama Gathoni wa Membley, Jumamosi hiyo akamtuma fundi aliyemwamini kuliko wote, Ronny, mpenzi wake wa miaka miwili mwenye gereji hapo Thika mjini.

Sasa shika hili: hakuna silinda iliyokufa. Ronny hakupima hata moja.

—Asante, babe, Nakhumicha alisema akimfinya mkono. Bila wewe ningeibiwa mchana peupe.

Ronny akaisukuma sahani ya chapati kando.

Jumatatu saa kumi jioni, Nakhumicha akampigia Ronny simu.

—Uko wapi?

—Gereji, chini ya pikapu. Na wewe?

—Membley kwa Mama Gathoni. Nimepitia kuiaga.

—Kumuaga nani?

—Gari.

Ronny akacheka kidogo. Upande wa pili hakuna aliyecheka.

—Ronny, silinda ya tatu ni ya ngapi kutoka kushoto?

—Micha, mbona umefungua boneti?

—Nilitaka kuiona hiyo maiti. Hapa kuna kifuniko cheusi, kina bolti nne. Ulizifungua?

—Lazima. Plagi ziko chini yake, na bila kutoa plagi huwezi kupima.

—Basi niambie. Hapa kuna buibui. Amefunga utando kutoka bolti ya kwanza mpaka ya nne, umejaa vumbi, na kuna nzi wawili amewakausha. Ulipima aje bila kumwamsha?

Ronny akajivuta polepole kutoka chini ya pikapu.

—Nimekuuliza.

—Nakuja.

—Kuja na spana.

Alimkuta amesimama kando ya gari, koti la kiwandani bado mwilini. Mwenye gari, Mama Gathoni, alikuwa na mimba ya mapacha, na ndiyo maana alikuwa anauza: kwa hicho kiti cha nyuma hata mbuzi angelalamika. Alipoona sura ya Ronny akaingia ndani kwa heshima, ila pazia likabaki wazi kiasi cha jicho moja.

—Ongea, Nakhumicha alisema.

—Nilidanganya.

—Hilo, buibui ameshaniambia. Nataka kujua kwa nini.

Ronny akavua kofia, akaivaa tena.

—Jumamosi nilikaa kwa kiti cha dereva. Nikakuona hapo, umevaa miwani yako, kioo chini. Nikatafuta mimi niko wapi kwa hiyo picha. Nikashuka, nikaona ovaroli yangu imeacha alama ya oili kwa kiti. Nikajiambia, Ronny, hapa uchafu ni wewe. Akishaingia humu, atakuwa anapita gereji yako akipiga honi tu.

—Kwa hivyo ukaamua nikae chini ndio unifikie.

—Micha...

—Miaka miwili nakula na wewe ukiwa mweusi mpaka kwenye viwiko. Nimewahi kukwambia unawe kwanza?

—Hapana.

—Kazi yangu ni kushika watu wanaoandika karatasi kwamba wamepima na hawajapima. Nimewafukuzisha kazi watu wa aina hiyo, Ronny. Halafu nalala na mmoja!

Pazia likatingishika.

—Toa spana. Pima zote nne. Mimi nasimama hapa.

Ronny akampa buibui notisi ya kuhama, akafungua bolti, akatoa plagi, akapima moja baada ya nyingine, kila namba akimwonyesha. Zote nne zilikuwa nzima kama ng'ombe wa maonyesho. Nakhumicha akaanza kulainika, ukingo wa mdomo ukakaribia kutabasamu.

—Sasa iendeshe, akasema.

Ronny akaizungusha mitaani. Kwenye mlima mdogo nyuma ya nyumba akakanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele, lakini gari haikuongeza mwendo. Akarudia. Vilevile.

Angenyamaza, angesamehewa jioni hiyo hiyo. Angesema, nani angemwamini? Alirudi akasimamisha gari, akabaki ameshika usukani.

—Nini tena?

—Klachi inateleza. Imebakisha siku chache.

Nakhumicha akacheka, kicheko kisicho na sukari.

—Jumamosi silinda, leo klachi. Kesho utasema ina malaria.

—Ni ukweli, Micha.

—Hata Jumamosi ilikuwa ukweli! Sasa mimi nitajuaje? Kila ukisema kitu, nitafute buibui?

—Usiniamini. Twende kwa Wainaina.

Hapo Nakhumicha akamwangalia upya. Wainaina alikuwa fundi wa Ruiru ambaye yeye na Ronny hawakuwa wamesalimiana mwaka mzima, tangu wanyang'anyane mteja. Ronny kuingia gereji hiyo ilikuwa kama jogoo kwenda kuomba mahindi kwa jirani.

Mama Gathoni akawaruhusu, akabaki na kitambulisho cha Ronny.

Gereji ilikuwa imejaa. Watu wamekalia matairi, redio inaongea peke yake. Na kwa vile bahati mbaya haiji peke yake, Waweru alikuwepo, msambazaji wa mikate, mteja wa Ronny wa miaka mingi.

—Ronny wa Thika! Wainaina akaita. Umepotea njia ama njaa imekuleta?

—Nataka uangalie klachi ya hii gari.

—Wewe huna macho?

Ronny angeweza kutunga kitu. Badala yake akaongea kwa sauti ambayo hata redio haikuishinda.

—Ninayo. Lakini nilimdanganya mpenzi wangu kuhusu hii gari. Nilisema ina ugonjwa na sikuwa nimeipima. Leo nimeona ugonjwa wa kweli, na hawezi kuniamini. Mwambie wewe.

Mtu mmoja akapunguza redio.

—Ngai, Mungu wangu, Wainaina akasema taratibu.

Waweru akasimama juu ya tairi lake.

—Hebu ngoja! Na gia boksi yangu uliyosema imeisha mwezi wa tatu?

—Ile iliisha kweli, Waweru.

—Nitajuaje? Nililala njaa kulipia hiyo gia boksi!

Watu wakaanza kuguna. Mmoja akasema mafundi ni walewale. Ronny akainamisha kichwa. Kwa fundi, maneno kama hayo hufika sokoni kabla yeye hajafika nyumbani.

—Iliisha.

Sauti ilikuwa ya Nakhumicha.

—Mimi nilikuwepo siku hiyo, Waweru. Nilipeleka chakula nikakuta ameifungua. Meno ya gia yalikuwa yametapakaa kwa karai kama mahindi ya kukaanga. Huyu amenidanganya mimi, na nitamshughulikia mimi. Kazi ya watu hajawahi kuharibu.

Waweru akakaa chini, akinung'unika kidogo tu.

Wainaina akaingia garini. Akavuta breki ya mkono, akatia gia ya nne, akamwita Nakhumicha karibu.

—Angalia mwenyewe, dada. Gari imefungwa breki. Nikiachilia klachi hivi, injini inafaa kuzimika papo hapo. Ikiendelea kunguruma, klachi haishiki.

Akaachilia mguu. Injini ikaendelea kunguruma kana kwamba hakuna aliyeigusa.

—Leo hajakudanganya, Wainaina akasema. Akampa Ronny mkono. —Ningekuwa mimi, kaka, hapa singeingia.

Wakirudi Membley, Nakhumicha ndiye aliyekuwa kwenye usukani, akienda polepole.

—Bado nimekasirika.

—Najua.

—Nitakasirika mpaka Ijumaa.

—Sawa.

—Ijumaa jioni kuja tule. Omena, usizoee nyama.

Mama Gathoni alikubali kupunguza bei kwa sababu ya klachi, na gari ikahamia Kiganjo. Ronny akaweka klachi mpya, Nakhumicha akiwa amesimama juu yake akimshikia tochi na kumuuliza kila nati ni ya nini. Na kweli gari ikawa ya kila siku: saa kumi na moja na nusu asubuhi inatoka, jioni inarudi, haijawahi kugoma hata mara moja.

Mwezi wa pili tangu gari inunuliwe, simu ikamkuta Ronny tena chini ya gari.

—Ronny, likizo yangu imekubaliwa. Wiki ya kwanza ya Desemba.

—Poa. Unaenda kwenu Bungoma?

—Tunaenda. Mzee wangu amesema amechoka kusikia jina, anataka kuona mtu.

Ronny akagonga kichwa kwa chuma.

—Micha, unamaanisha... nije na wazee wangu?

—Sasa utakuja na nani, na Wainaina? Wazee wapande basi, hiki kiti cha nyuma kitawavunja magoti. Wewe utakaa mbele, kando yangu.

—Na Mzee akiuliza nafanya kazi gani?

—Atakuuliza. Na wewe utamjibu ukweli, mimi nikiwa nasikiza.

—Nitamjibu.

—Haya. Toka chini ya hiyo gari ya watu, umpigie mama yako simu.