Miaka Thelathini Iliyokatwa

Walianza kwa kugombana. Duka la uchapaji lilikuwa limefurika wanafunzi, mashine zinanguruma, harufu ya wino imekaba koo, na mwanamke mmoja mwenye gauni la kijani lililopigwa pasi likanyooka, alisimama kaunta akisema hana muda wa foleni. Fundi akamwambia hata hao wengine hawakuja kulala.

Mwanamke yule, Dokta kama alivyoitwa chuoni, alikuwa mhadhiri wa mambo ya tabianchi. Kulikuwa na jumuiya moja, watu wa suti na ofisi yenye kiyoyozi, waliozunguka redioni na mashuleni wakisema dunia kupata joto ni uzushi wa maprofesa. Kila wiki walitoa uongo mmoja. Yeye na wenzake walitumia mwezi mzima kuujibu, na kabla hawajamaliza, mwingine ulikuwa umeshatoka. Sasa walitaka kijitabu kimoja cha kuujibu uongo wote.

"Si muwaache tu waseme?" Fundi aliuliza.

"Tukiwaacha, wanaaminiwa."

Fundi akachukua kazi yake, halafu akachukua namba yake. Wiki ya tatu Dokta alikuwa anapita dukani hata bila karatasi mkononi, na dada yake Fundi, anayekaa kaunta, akawa anamwita wifi makusudi mbele ya wateja. Tatizo lilikuwa simu. Kila wakikaa mahali watazamane, inalia: jumuiya imeandika tena. Fundi, aliyeacha shule mapema, alishazijua hoja zao zote kumi na nne kwa moyo, na zilimkera kama mbu wa sikioni.

Kijitabu kikatoka, nakala elfu mbili. Alhamisi asubuhi Dokta akapiga simu. Hakusalimia.

"Ukurasa wa tisa. Nani kaugusa mchoro wangu?"

"Mimi. Ulikuwa mpana, haukuenea. Nikapunguza kidogo upande wa kushoto."

"Umepunguza miaka thelathini."

"Si ya zamani hiyo, mpenzi?"

Dokta akamweleza polepole, kama anayemweleza mwanafunzi aliyefeli mara mbili. Mstari ule wa joto ulikuwa ukipanda kwa miaka arobaini na mitano. Ukiikata thelathini ya mwanzo, unaanzia kwenye mwaka mmoja uliokuwa na joto la kupita kiasi, na kutoka hapo mstari unaonekana umelala. Hiyo ndiyo hila kongwe ya jumuiya. Fundi alikuwa amewafanyia bure, tena kwa jina la Dokta. Asubuhi ile walikuwa redioni wakitangaza kwamba hata Dokta amekubali joto halipandi.

"Na vipeperushi vyao nimeviona dukani kwako," alisema. "Wamekupa nini?"

Fundi akasema yeye humchapia yeyote anayekuja. Ilikuwa kweli, na hapakuwa na jibu baya kuliko hilo. Simu ikakatwa. Ijumaa Dokta hakupokea, Jumamosi hakupokea, Jumapili akaizima kabisa.

Jumatatu asubuhi mwenyekiti wa jumuiya alikuwa redioni akipokea simu za wasikilizaji. Fundi alizima mashine zote, akapiga. Akaeleza kila kitu: mchoro kaukata yeye, kwa mashine yake na ujinga wake, Dokta hakujua, na mchoro mzima upo dukani, anayetaka aje auone.

Mwenyekiti akacheka taratibu. "Mnaona, ndugu wasikilizaji? Sasa wamemtuma na fundi."

Fundi akasema hajatumwa na mtu. Akaambiwa waliotumwa wote husema hivyo. Akasema hata vipeperushi vya jumuiya amevichapa yeye. Mwenyekiti akauliza mtu anayechapia pande zote mbili ataaminiwa vipi. Wakamkata. Akapiga tena mara kumi na moja, jasho linamtiririka, dada yake anamwambia atajipasua mshipa bure. Alipotaka kupiga mara nyingine, simu ikalia. Alikuwa Dokta.

"Acha, Fundi. Hawatakupokea."

"Umesikia?"

"Chuo kizima kimesikia."

"Lakini nimekata kwa mikono yangu. Nani ajue kuliko mimi?"

"Karibu kazini," Dokta alisema. "Mimi huu ni mwaka wa tisa."

Fundi akakaa juu ya rundo la karatasi. Akilini alimwona Dokta akiamka kila asubuhi, akipiga gauni pasi, kisha akitoka kwenda kuambiwa ametumwa.

"Nisamehe. Nitakichapa kijitabu chote upya, na ukurasa ule nitaukunja, mchoro uenee mzima. Kazi ya jumuiya nawarudishia leo, wakachapishe kwingine."

"Watasema tumekuhonga."

"Waseme. Mimi nataka kukuoa, tuhongane kihalali."

Upande wa pili kikasikika kicheko cha mtu aliyechoka hadi mifupani.

"Watasema hata ndoa yetu haina ushahidi wa kutosha."

"Siwaulizi wao. Nakuuliza wewe."

"Nimekubali," Dokta alisema. "Sasa washa mashine. Nakala zangu nazitaka Ijumaa."