Namba Iliyofutwa Mlangoni

Kitu cha kwanza nilichokiona ni tone la rangi nyekundu kwenye kizingiti. Lilikuwa bichi. Nililigusa, likaacha doa kidoleni. Ndipo nikainua macho. Mlango wetu ulikuwa umeandikwa namba: 46.

Nilimwita Mama. Alitoka na sufuria mkononi, akaiona namba, akakaa chini palepale.

Rangi hiyo tunaijua. Miaka sita nyuma, tulipokuwa tumepanga mtaa mwingine, walipaka alama ya X ukutani. Wiki hiyohiyo tingatinga likaja. Wenye nyumba walipewa fidia. Sisi wapangaji tuliambiwa tubebe vyombo vyetu. Cherehani ya Baba ilibaki chini ya kifusi. Baba ni fundi viatu, na mpaka leo anashona kwa mkono.

Baba alitoka, akaiona. Alichukua petroli yake ya kusafishia gundi, akasugua mlango mpaka namba ikatoka.

"Siku zetu zilikuwa zimehesabiwa, mama watoto," alisema. "Nimezifuta."



Kesho yake tulisikia hodi. Baba aliweka kidole mdomoni. Tulikaa kimya, tumebana pumzi, mpaka nyayo zikaondoka. Mama alianza kufunga vyombo kwenye mashuka. Tulikula kwenye sahani moja, kwa kuwa nyingine zilikuwa zimeshafungwa. Lori la taka likipita, Baba aliacha sindano ndani ya kiatu na kusikiliza.

Siku ya tatu nilimnong'oneza Mama kwamba namba ile si ya kubomoa, ni ya kuhesabu wapangaji, na mwisho ni kesho. Baba alinisikia. Akauliza nimeambiwa na nani.

"Nimesikia bombani," nilisema, nikitazama miguu yangu.

Baba akasema ya bombani ni ya kungojea ndoo ijae. Lakini Mama alikuwa ameshavaa viatu.

Tulikwenda kwa karani wa mtaa, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi. Watu humwita Bi Muhuri. Alifungua orodha yake, akapitisha kidole taratibu. Nilikifuata kwa macho.

"Arobaini na sita," alisoma. "Stoo. Haina mtu. Vijana wangu walirudi kuhakiki, hawakuona namba, na hodi haikuitikiwa. Mwenye nyumba akawaambia ni stoo."

"Stoo?" Mama alisema. "Kwa hiyo mimi ni gunia, dada yangu?"

Bi Muhuri alivua miwani. Alitueleza kwamba zamani alitambuliwa mwenye nyumba peke yake. Wapangaji walilalamika miaka mingi, na sasa baraza limepitisha utaratibu mpya. Mtaa utajengwa upya. Kila aliyehesabiwa, hata mpangaji, atapewa pa kukaa wakati wa ujenzi, kisha atarudi kwenye chumba kipya. Kodi haitapandishwa kwa miaka mitano. Na hakuna wa kuondolewa bila barua, miezi mitatu kabla.

"Lakini asiyekuwemo kwenye orodha, baada ya kesho sina la kumfanyia," alisema. "Leteni majirani wawili wa kuwashuhudia, na karatasi yoyote inayoonyesha mnaishi pale. Hata kadi ya kliniki."

Mama alifungua mashuka yote sakafuni akitafuta kadi. Ilikuwa ndani ya sufuria. Jirani mshona nguo na jirani muuza mkaa walikuja kutushuhudia. Saa chache kabla ya orodha kufungwa, neno "stoo" lilikatwa, likaandikwa jina la Baba na la Mama.

Kijana wa rangi aliporudi, Baba mwenyewe alimshikia kopo.

"Inyooshe hiyo nne, fundi," alimwambia. "Isije ikasomeka tisa."

Sasa mtaa umejengwa, nasi tumerudi. Chumba kina dirisha na maji ndani. Namba ya mlangoni ni ya bati, na Baba huipangusa kila asubuhi kwa kitambaa cha viatu.

Nyumbani bado wanasema tuliokolewa na maneno ya bombani. Bombani hakuna aliyesema kitu. Palikuwa na tangazo ukutani, tangu siku ya kwanza. Mimi niliacha shule darasa la tano. Nilisimama nikiunganisha herufi mpaka ndoo ikafurika. Nilielewa, kisha nikaogopa siku mbili kwamba labda nimekosea.

Sikusikia kwa mtu. Nilisoma mwenyewe.