Nesi wa Kitanda cha Nne

Mama yangu mdogo ni nesi wa wodi ya upasuaji, na si mtu wa kuamini majini. Yeye anaamini kipimajoto. Ndiyo maana alipotusimulia jambo hili, kikombe cha chai kimempolea mikononi, hakuna aliyethubutu kucheka.

Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, madirisha wazi. Alikuwa ndiyo kwanza amepokea zamu, na mwenzake ametoka kufuata majibu maabara. Dereva wa lori, aliyetolewa kidole tumbo jana yake, alikuwa akilalama wodi nzima imsikie.

"Nesi, nakufa! Njoo basi tuagane!"

"Anayekufa hana pumzi ya kupiga kelele hivyo, kaka. Dawa yako inakuja."

Kwenye kitanda cha nne kulikuwa na fundi seremala, kijana aliyeanguka kutoka juu ya paa. Asubuhi ile alikuwa ametolewa bandama iliyopasuka. Yeye alikuwa kimya. Shuka safi, bandeji kavu. Mama mdogo akampita, akidhani amelala. Aliwaza amtulize dereva kwanza, kisha asafishe kidonda cha mguu cha bibi mshonaji, mgonjwa wa kisukari, ndipo amrudie fundi.

Bibi mshonaji akamshika nguo.

"Mwenzako mbona haitikii salamu?"

"Mwenzangu yupi, bibi?"

"Huyo aliyemshika fundi mkono."

Mama mdogo akageuka. Kando ya kitanda cha nne hapakuwa na mtu.

Sukari imeshuka, akajisemea. Ikishuka, mtu huona mengi. Akamtoboa bibi kidole, akapima. Sukari ilikuwa sawa kabisa.

"Anahesabu mapigo," bibi akanong'ona. "Mwanzo alisema mia na kumi. Sasa amesema mia na ishirini na nane."

Dereva akanyamaza ghafla. Hakuna aliyemnyamazisha.

Mama mdogo akaweka trei chini, akaenda. Hatua saba tu. Kila hatua, baridi ikazidi.

Paji la uso la fundi lilikuwa limelowa jasho. Midomo imepauka. Akaushika mkono wake atafute mapigo. Mkono haukunyanyuka. Akavuta. Haukuwa mzito. Ulikuwa umeshikwa.

Akapeleka vidole shingoni, macho kwenye saa.

Mia na ishirini na nane.

Akabonyeza tumbo. Gumu kama ubao. Bandeji ilikuwa kavu kwa sababu damu ilikuwa ikivujia ndani.

"Daktari! Kitanda cha nne!"

Akamwekea oksijeni. Akainua miguu yake. Dripu ya kwanza akaifungulia yote. Ya pili ilihitaji mkono ule, na mkono ule ulikuwa bado umeng'ang'aniwa. Akavuta tena. Kitu kikavuta upande wa pili, taratibu, kama mtu asiyetaka kuondoka kabla kazi haijaisha.

Hapo likamtoka neno asilolipanga, lile manesi wanaloambiana wakipokezana zamu.

"Nimempokea, dada," akanong'ona. "Nenda kapumzike."

Mkono ukaanguka kitandani.

Fundi akarudishwa chumba cha upasuaji mbio mbio. Uzi wa mshipa mmoja wa damu ulikuwa umeachia. Daktari alipotoka, akavua barakoa, akasema, "Dakika kumi zaidi, tungekuwa tunaita ndugu zake." Mama mdogo akaenda chooni, akajifungia, akalia.

Siku fundi aliporuhusiwa, mama mdogo ndiye aliyembandua plasta ya dripu mkononi. Chini yake, ndani ya kifundo cha mkono, penye mapigo, kulikuwa na alama tatu nyeupe, zimebonyea, zimepangana. Vidole vitatu. Gumba hakuna. Nesi hapimi mapigo kwa gumba, maana gumba lina mapigo yake, litamdanganya.

Siku hizi fundi ni kama ndugu yetu. Mwezi uliopita alikuja kutuundia kabati, nikamwomba nizione alama zake. Akakunja mkono wa shati. Mkono wake ulikuwa wa moto, una vumbi la mbao na jasho la kazi.

Nikagusa zile alama. Zilikuwa baridi.