Miguu ya Mwenyekiti wa Jumuiya

Viatu vya Mzee Wilbroad vilikuwa vya soli ya mpira, lakini vilianza kulia chuma. Ka-ta-ka, ka-ta-ka, kutoka chumbani mpaka jikoni, mchana kweupe, pale Bellevue kwenye nyumba iliyokatwakatwa vyumba mpaka korido imepangishwa. Anayesema majini hayavuki mto Limpopo kuja huku kusini aje kwangu nimfundishe.

Wilbroad, Mhaya wa Bukoba, ndiye mwenyekiti wa jumuiya ya Waswahili parokiani. Ndiye aliyemfukuza Joséline, binti wa Kirundi, kwenye kwaya kwa kosa la kutikisa kiuno wakati wa matoleo. "Kanisa si klabu," alimwambia mbele ya watu. Ila mkewe Perpetua akitoka tu, mzee alijifungia na simu yake kuangalia sinema za Kimarekani za zamani, zile ambamo bwana mwenye koti la mkia na kofia ndefu anaacha mazungumzo katikati, anaanza kuimba, vinanda vinatoka hewani bila mpigaji, kisha anashuka ngazi akigonga vyuma vya viatu, mpaka bibi wa gauni la manyoya ajitokeze wacheze wawili. Mzee alizijaribu hatua zile kwa soksi, anatabasamu peke yake. Humo ndimo jini lilimoingilia.

Ilitangulia harufu, mafuta ya nywele na poda ya mwanamke asiyekuwepo. Halafu Jumapili, akisoma somo, miguu ikamponyoka. Alishuka ngazi za altare akigonga, mikono kaitanua, meno yote nje, macho yanalia, na kila alipodaka benchi ili asimame miguu ilimgeuza, ikamzungusha, ikampeleka njia ya katikati mpaka barabarani kwenye robot, zile taa za magari, magari yamesimama, dereva wa teksi anapiga makofi, "Sharp, mkhulu," yaani safi, babu, naye anazidi kutabasamu tabasamu lisilokuwa lake.

"Mwenyekiti," Joséline alimnong'oneza walipomrudisha, "na barabara nayo si klabu."

Perpetua akamleta Bi Sumaiya, mganga wa Tanga aliyekaa mtaa wa pili. Ukatoliki ukawekwa pembeni, ubani ukafukizwa, wanajumuiya wakajaa mlangoni. Kila jini lina ngoma yake. Ukiipata, linapanda kichwani na kusema. Bi Sumaiya alipiga zote alizozijua. Jini halikupanda.

"Jini gani hili lisilojua ngoma?" aliguna.

Perpetua akainama. "Jaribu vinanda, Bi Sumaiya. Vya sinema." Akaichukua simu ya mumewe akaifungua bila kuuliza namba ya siri. Mzee akatamani sakafu immeze. Kumbe mke alijua siku zote.

Vinanda vikalia. Sauti nyembamba ikatoka kooni mwa mzee: "Nimechoka kucheza peke yangu."

"Mzee, sikia," Bi Sumaiya alisema polepole. "Kiri mbele ya hawa kwamba sinema ni zako, kisha ulichezee jini hili wimbo mmoja kwa hiari yako. Litakwenda. Ukikana, litamfuata utakayemtaja kuwa ndiye mwenye sinema."

Mzee akatazama mlangoni. Joséline. Katibu wa jumuiya. Watoto wa mwenye nyumba.

"Baba Violeth, sema tu," Perpetua alinong'ona. "Mimi sikucheki."

"Si zangu," alisema Wilbroad. "Ni za mke wangu."

Perpetua alimtazama, kisha akaitazama miguu yake mwenyewe. Chetezo kikamponyoka Bi Sumaiya. Harufu ya poda ilihama upande mmoja wa chumba kwenda mwingine kama mtu anayepita katikati ya watu akiomba njia, na kandambili za Perpetua zikalia chuma, taratibu, kisha haraka, mabega yakanyooka, meno yote yakatoka nje huku machozi yakimchuruzika, akamzunguka mumewe mara huku mara kule, akasimama mbele yake na kumnyooshea mkono, ule mkono wa kumwomba mwenzake aingie kwenye wimbo, ukangoja hapo hewani, vinanda vikirudia palepale.

Mlangoni hakuna aliyemtazama mwanamke. Walimtazama mzee, ambaye miguu yake ilikuwa imetulia, mizima, yake mwenyewe, na hakuinyanyua.