Kilo za Nyuma Kushoto

Haya hayakumpata mtu baki. Yalimpata shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Pale ambapo sikuwepo nitasema kama alivyoniambia yeye, na pale nilipokuwepo nitasema nilichoona. Mwanzo wake una kichekesho. Nisamehe, siku yenyewe ilianza hivyo.

Shemeji ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Futi, kwa sababu futi ya kupimia nguo haimtoki shingoni, hata msibani huenda nayo. Ni mtu wa vipimo. Ukimtilia kijiko kimoja na nusu cha sukari badala ya viwili, atajua, na atataka kujua kwa nini. Maana pia ni mtu wa kushuku. Wateja wakipungua, kuna mtu. Mvua ikinyesha siku aliyoanika vitambaa, kuna mtu. Dada alishazoea, akawa anamjibu tu, “Ndiyo, kuna mtu,” na kuendelea na kazi zake.

Alikuwa na gari dogo la zamani, lile linalonusa mafuta badala ya kuyanywa. Kiwanda kilishaacha kuliunda, na vipuri vyake vilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Kwenye njia iliyonyooka halikuwa na neno. Tabu ilikuwa kona. Lilikuwa likilala ubavu, likivuta upande, na usukani ukiukata sasa, gari linatii baadaye kidogo, kana kwamba linafikiria kwanza.

Asubuhi moja anampeleka binti yake shule, wakafika kwenye kona ya machimbo ya kokoto, tairi moja la nyuma likaacha ardhi. Aliyekaa nyuma kushoto ni Chiriku, mtoto wake wa pekee, miaka saba. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu anaongea tangu anapofungua macho. Siku hiyo hakusema kitu mpaka shuleni. Futi alirudi nyumbani, akabaki ndani ya gari lililozimwa. Aliniambia hajawahi kuogopa vile maishani.

Basi akaamua kulitengeneza mwenyewe. Bushi, zile raba za kwenye maungio, zilikuwa zimekwisha; akachonga nyingine kutoka kwenye tairi la lori, akazipiga msasa mpaka zikakaa. Shokapu akapata za gari jingine, akatoboa matundu upya. Zikabaki springi za nyuma, zilizokuwa zimelegea kabisa. Springi hazichongwi. Ikabidi aende kwa Mama Chuma.

Mama Chuma ana uwanja wa magari yaliyokufa, nje kidogo ya mji. Ni mwanamke mnene, mchangamfu, na hakuna chuma chake asichojua kilikotoka. Alimtolea springi mbili za gari lilelile, nyeusi, bila hata chembe ya kutu. Futi akashuku papo hapo.

“Mbona nzima hivi?”

“Zimefungwa kwenye magari mawili baada ya lile la kwanza. Yote mawili yamenirudia hapa, na springi nzima.”

“Yalianguka?”

“Hayakuanguka. Waliyaacha tu.” Akazipangusa vumbi kwa khanga. “Sikiliza, baba. Ukishazifunga utataka kupima gari likiwa na uzito wa abiria. Weka mchanga kwenye viti. Usiweke mtu.”

“Mtu ana ubaya gani?”

“Mimi nimekwambia mchanga.”

Futi alicheka njia nzima. Hata hivyo alitii, mwanzoni. Alishona vifuko kutokana na mabaki ya kitambaa, akavijaza mchanga, kila kimoja kilo moja kamili, akavipanga kwenye kiti cha nyuma. Lakini uwanja wake una mteremko. Vifuko vikawa vinaporomoka, anavipanga, vinaporomoka. Na bushi zile lazima uzikaze gari likiwa limebeba mzigo wake, la sivyo zinajisokota na kukatika. Jua likamchoma. Uvumilivu ukamwisha.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo fundi wa magari asingelifanya. Futi ana miaka ishirini ya kupima nguo kwenye mwili wa mwenyewe. Huwa anawaambia wateja wanaotuma vipimo kwa simu kwamba nguo iliyopimwa kwenye mto itaukaa mto. Anayekaa pale nyuma kushoto ni nani? Ni Chiriku. Akamwita.

“Kaa hapo, usitikisike, mpaka baba amalize.”

Mtoto akakaa saa nzima. Futi akafunga nyuzi kwenye vigingi pande zote mbili za gari, akapima kutoka kwenye uzi hadi kwenye rimu, mbele na nyuma, akarekebisha, akapima tena, akakaza kila nati. Alipoinua kichwa akamkuta mwanawe kimya, mikono mapajani, anatazama mbele. Saa nzima Chiriku hakuwa amesema neno hata moja. Futi akashukuru kwa utulivu ule.

Na gari likakubali. Mimi mwenyewe nilipanda. Kona ya machimbo tuliikata kama mkasi unavyokata hariri, bila kuyumba, bila kelele. Dada akasema sasa angalau atalala. Futi akatabasamu wiki nzima, na yeye si mtu wa tabasamu.

Jumatatu iliyofuata akapima tena, kwa mazoea tu. Kutoka kwenye kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi. Pembe tatu zilikuwa sawasawa. Nyuma kushoto ilikuwa imeshuka nusu sentimita. Gari lilikuwa tupu.

Akasema Mama Chuma kamuuzia springi mbovu. Akazitoa zote mbili, ya kulia akaifunga kushoto, ya kushoto akaipeleka kulia. Kama springi ndiyo mbovu, gari lingelala kulia. Akalishusha, akapima. Lilikuwa limelala kushoto, vilevile.

Akachukua vile vifuko vya mchanga, akaviweka nyuma kulia, kimoja kimoja, mpaka gari likakaa sawa. Vilikuwa viwili. Siku tatu baadaye vikahitajika vinne.

Kuna mtu, akasema Futi. Kwanza alimshuku jirani wa ukuta mmoja, kwamba anaingia uwanjani na kuharibu. Akamwaga unga mwembamba kuzunguka gari, akakaa dirishani tangu asubuhi mpaka jioni bila kushona. Unga haukukanyagwa. Vifuko vikawa vitano. Halafu akanishuku mimi, eti kwa sababu nilikuwa nimelisifia sana gari. Nilipofika kuwasalimu alinipokea mlangoni, na maji ya kunywa akaniletea kwenye bilauri ya plastiki, si glasi ya wageni kama siku zote. Niliumia, sikatai.

Ni siku hiyo nilipomwinua Chiriku, kama ninavyomwinua siku zote, na nikakaribia kumrusha darini. Mikono yangu ilikuwa imejiandaa kwa mtoto mwingine.

“Dada,” nikasema polepole, “huyu anakula?”

“Anakula kukuzidi wewe.” Kisha akateremsha sauti. “Kwani na wewe umeona?”

Zahanati walikuwa wamempima mara mbili. Kadi ya mwezi uliopita ilisema kilo ishirini na moja. Sasa kumi na sita. Mganga akalaumu mzani, akaleta mwingine. Kumi na sita. Damu safi, mapafu safi, ulimi safi. Dada alikuwa analia jikoni ili mtoto asimwone.

Futi alivua futi shingoni, akampima bintiye kifua, kiuno, mabega, urefu wa mkono. Akafungua daftari lake la vipimo. Kila namba ilikuwa ileile. Gauni alilomshonea lilikuwa linamkaa vilevile. Mtoto hakuwa amekonda hata kidogo. Alikuwa amepungua uzito tu.

Nilimwona akihesabu kwa vidole. Ishirini na moja, toa kumi na sita. Kisha akageuka, akatazama nje, kwenye gari. Vifuko vitano vilikuwa bado vimekaa kwenye kiti cha nyuma, upande wa kulia. Uso wake ukaniogopesha kuliko namba zenyewe.

Hakuniomba msamaha, lakini alinishika mkono, akaniambia twende. Tukaenda kwa miguu. Mama Chuma alituona tangu mbali, na uchangamfu ukamtoka.

“Uliweka nini kwenye kiti?” akauliza.

Futi akainamisha kichwa.

“Uliweka mtu.”

“Mwanangu.”

Mama Chuma akakaa juu ya injini iliyolala chini.

“Kwenye springi hizo kuna kitu gani?” nikauliza mimi.

“Mimi nauza chuma, mdogo wangu. Ninachojua ni kwamba hakina mwili, kinatafuta kipimo. Kikipewa, kinajaza. Kikijaa, mwenye kipimo habakiwi na kitu.”

“Nikizitoa springi?” Futi akanong'ona.

“Kitashuka.”

“Kitashukia wapi?”

“Waliotangulia hawakurudi kuniambia.”

Tulirudi karibu tunakimbia. Tulipofika, Chiriku alikuwa uwanjani, kasimama, na upepo ulikuwa unavuma kidogo tu, ule wa kutikisa nguo kwenye kamba. Alikuwa ameshika kamba hiyo kwa mikono miwili. Futi akamkumbatia, akamwingiza ndani, akamlaza kwenye kochi. Alikuwa mwepesi kama mtoto wa miaka miwili. Dada akakaa naye, akafunga madirisha.

Futi akaniambia nihesabu vifuko. Nikaviongeza mpaka gari likalingana. Saba. Nikarudia kupima. Nane.

Akapiga jeki. Tukaweka mawe makubwa chini ya bodi. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, watu wanapita barabarani na kutusalimu. Springi ya kulia ikatoka bila shida. Ya kushoto nati zikagoma. Zilikuwa za moto. Si moto wa jua, maana upande ule ulikuwa kivulini. Futi akafunga mikono kwa kitambaa, akakaza meno. Nikamsikia anasema chini ya gari, kwa sauti ndogo, “Niachie mwanangu. Nipime mimi. Mimi hapa.”

Nati ikalegea.

Springi ikaanguka kwenye udongo. Gari likatikisika juu ya mawe, mara moja, kama linavyotikisika abiria anaposhuka. Mlango wa nyuma kushoto haukufunguka. Nilikuwa nimesimama mbele yake, nauangalia.

Tukasubiri. Hakikutokea kitu. Kuku akapita. Futi akatoka chini ya gari, akainua vifuko vyote nane, akavitupa nje, akalitikisa gari juu ya mawe. Halikulala kushoto. Akalitikisa tena. Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na mimi nikacheka naye.

Tukaingia ndani. Dada alikuwa amesinzia kwenye kiti, kwa uchovu. Chiriku amelala kwenye kochi, uso umetulia, mkono mmoja unaning'inia. Kochi lilikuwa limebonyea chini yake. Futi akaona na akafurahi. “Tazama,” akaninong'oneza. “Uzito umerudi.”

Akainama, akapitisha mikono chini ya mgongo na chini ya magoti, kama alivyombeba tangu alipozaliwa. Akainua. Mtoto hakuinuka.

Akajipanga upya, akatanua miguu, akainua tena. Mishipa ya shingo ikamtoka. Fremu ya kochi ikalia. Mtoto yule wa miaka saba, mwembamba, mwenye gauni la vifungo vinne, hakuinuka hata inchi.

Futi akanitazama. Nikasogea kumsaidia.

Hapo Chiriku akasema, bila kufungua macho, kwa upole, kama anayemwonea huruma babake.

“Baba, huwezi kutubeba wote.”

Alipoamka mwenyewe, jioni, aliomba chai na akaongea mpaka tukachoka. Mzani wa zahanati ulisema ishirini na moja, na unasema hivyo kila mwezi tangu siku ile, ingawa amekua kwa urefu. Dada anashukuru, na hatukumwambia. Gari Futi aliliacha juu ya mawe. Springi alizirudisha mwenyewe kwa Mama Chuma, akazikuta zimeshika kutu kabla hata ya kufika.

Lakini kochi bado lipo sebuleni kwao, nimeliona juzi nilipokwenda kuwasalimu. Futi ameshabadilisha sponji mara tatu, kwa mikono yake, sponji mpya kila mara. Kila asubuhi huwa na mabonyeo mawili, ubavu kwa ubavu. Moja ni la ukubwa wa Chiriku, na Futi huliangalia na kupita. Lile jingine huwa analipima. Aliniambia, akiwa amegeuza uso, kwamba urefu wake sasa umemfikia yeye begani.