Mkono wa Corrado

Ravenna, mji wa Italia, ilikuwa imefurika watalii, kanisa la kale limejaa kama soko. Nevio, fundi wa picha za vijiwe vya kioo, alikanyagwa mguu na mwanamke mwenye gauni la rangi ya limau, aliyekuwa ameinua macho ukutani.

"Samahani, kaka. Nilikuwa naangalia ile mikono."

Hapo hapo moyo wa Nevio ukaondoka naye. Wageni wote hutazama dhahabu ya picha za ukutani. Huyu Loredana, kumbe fundi mwenzake, alitazama mikono iliyobaki kwenye nguzo zilizochorwa kwa vijiwe, bila wenyewe. Zamani mfalme wa Wagothi aliagiza watu wake wapangwe kwenye picha ile. Mji ulipobadili mtawala, askofu akasema hao ni wazushi, wanaomfanya Kristo Mwana mdogo kuliko Mungu Baba. Akawang'oa pichani, akaweka mapazia ya vijiwe mahali pao, mikono ikasalia.

"Wivu tu huo," Loredana alicheka.

Wakapendana miezi minane, simu hazipoi. Ila jikoni kwa Loredana kulikuwa na picha ya vijiwe aliyoitengeneza zamani ukutani: yeye na Corrado, mchumba wake wa kwanza, wamekumbatiana. Kila Nevio akinywa kahawa, anaona Corrado anamcheka. Wivu ukamla hadi usingizi ukamkimbia.

Loredana alipokwenda Faenza kwa mama yake, alimwachia ufunguo. Nevio akachukua patasi, akamng'oa Corrado kijiwe kwa kijiwe, akapanga pazia la vijiwe vyeupe mahali pake. Mkono uliokuwa begani kwa Loredana aliuacha, maana kuugusa kungeharibu shingo ya mpenzi wake.

Jumapili simu ikalia.

"Nevio! Umefanya nini ukutani kwangu?"

"Mpenzi, nilitaka kukufurahisha..."

"Kunifurahisha! Miaka mitano napika pale simwoni. Nilishamzoea kama kabati. Leo tangu nimeingia natazama mkono wake tu, nakumbuka hata ulivyokuwa na joto!"

Nevio akauliza: "Nije niutoe na huo?"

"Thubutu! Mrudishe mzima, la sivyo usirudi wewe."

Akaenda na kopo la vijiwe vya Corrado, maana fundi hatupi kioo. Siku tatu alimpanga upya mwanamume anayemchukia, jicho moja kisha la pili, Loredana kasimama nyuma yake na kikombe mkononi.

"Nimemaliza. Sasa utakubali nikuoe?"

"Nimekubali. Ila pua hiyo umeikosea, mpenzi. Yake ilikuwa nzuri zaidi."

Nevio alitamani kuitupa patasi dirishani. Lakini alimpenda, akaing'oa pua ya Corrado, akaianza upya.